Ile pesa ya "kemikali hatari" iliyozunguka WhatsApp: ni ya nani, inanunua nini, na sisi wa Salgaa tuko wapi

Kuna skrinshoti imekuwa ikizunguka kwa magrupu yetu hapa Nakuru, ya mtaa, ya chama, hadi ya wazazi wa shule. Ni tangazo la Kizungu, lina nembo ya serikali juu, linasema kuna ruzuku ya kusaidia maeneo ya mashinani kupanga na kufundisha watu vile watakabiliana na dharura za kemikali hatari. Chini yake mtu akaongeza maneno yake mwenyewe, "Vijana changamkeni, siku zinaisha." Basi, si unajua vile sisi tukisikia ruzuku. Kufikia Ijumaa kuna sayba moja (siitaji) ilikuwa inajaza watu "fomu ya hazmat" kwa shilingi 200, na mama anayetuuzia chai pale stendi akaniuliza kama anaweza kuombea kikundi chake, kwa sababu wao hutengeneza sabuni ya maji na sabuni ni kemikali.

Halafu upande wa pili wa grupu kuna wale wa siku zote. "Hiyo pesa ilishafika kaunti ikaliwa." Mwingine, "Ndio maana zimamoto hufika kama kila kitu kimeisha." Mabishano ya siku mbili, watu wakatoka grupu, wakarudishwa na admini.

Nimekaa nikaona wacha niandike, kwa sababu kuna vitu kama vitatu tofauti vimechanganywa kwa sufuria moja, na mimi nimeishi hapa Salgaa, kando ya hii barabara ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret, maisha yangu yote, kwa hivyo hii stori sio ya Wazungu peke yao.

Kwanza tukubaliane maneno. Ruzuku sio mkopo, huirudishi. Lakini pia sio zawadi. Ni kama ile pesa shangazi anakutumia anakwambia "hii ni ya viatu vya mtoto", ukinunua nyama siku akija akaangalia miguu ya mtoto mmekosana na hutumiwi tena. Ruzuku ina kazi iliyoandikwa, ina risiti, ina mtu wa kuja kuangalia miguu. Kemikali hatari nayo, au hazmat vile wanaifupisha, ni kitu chochote ambacho kikikaa kwenye chombo chake ni sawa na kikitoka ni balaa, kinawaka, kinalipuka, kinachoma ngozi au kinaua ukikivuta puani. Kwa hivyo petroli iko ndani. Gesi ya kupikia iko ndani. Klorini ya kusafisha maji ya mfereji iko ndani, amonia ya friji kubwa za viwandani, asidi, mbolea za aina fulani, spiriti inayotoka viwandani huko ukanda wa miwa. Hata ile kabaidi ya fundi wa welding wa jua kali, ambayo watu wengi wanaiona tu kama mawe ya kijivu kwenye debe, ikiguswa na maji inatoa gesi ya asetilini na hiyo haina utani.

Sabuni ya maji ya mama chai haiko kwa hiyo stori, nilimwambia, akasema sawa lakini ile costic soda ya kutengenezea je? Hapo nikanyamaza kwanza kwa sababu yuko sawa kabisa, ile inachoma.

Sasa tangazo lenyewe. Ni la kweli, sio la matapeli. Shida ni moja tu, ni la Marekani. Ni mpango unaoitwa HMEP kwa kifupi, uko chini ya idara ya uchukuzi ya huko, kitengo cha usalama wa mabomba na mizigo hatari kinachoitwa PHMSA. Wanaopewa ni majimbo ya Marekani, maeneo yaliyo chini yake, na jamii za wenyeji asilia wa huko, ndio wanashusha pesa hadi mashinani. Mtu binafsi haombi. Kikundi cha Salgaa hakiombi. Hata kaunti ya Nakuru haiwezi kuomba. Kama ulilipa ile 200 nenda uidai.

Lakini usifunge hapo ukaenda, kwa sababu vile huo mpango umetengenezwa ndio kitu kizuri zaidi kwa hii skrinshoti yote.

Stori yake inaanzia India. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, kiwanda cha dawa za kuua wadudu mjini Bhopal kilivuja gesi ya sumu, watu wakiwa wamelala. Maelfu walikufa. Waliokuwa wanaishi kando ya ukuta wa kiwanda hawakujua ndani kunawekwa nini, hawakujua wakimbilie wapi, wengine walikimbia kuelekea ile gesi inakoelekea. Mwaka uliofuata, Agosti 1985, kiwanda kingine cha kampuni hiyohiyo huko West Virginia, Marekani, nacho kikavuja, watu zaidi ya mia wakapelekwa hospitali. Wamarekani wakaona kumbe hii kitu inaweza kutokea nyumbani. 1986 wakapitisha sheria inayosema hivi: kila mwenye kiwanda au stoo aseme anaweka kemikali gani na kiasi gani, na kila eneo liwe na kamati ya mtaa ya kupanga dharura. Kwa hiyo kamati wanakaa zimamoto, polisi, watu wa hospitali, viongozi waliochaguliwa, waandishi wa habari, wenye viwanda, na wananchi wa kawaida. Yaani kama baraza, lakini ya jambo moja.

Wazo zuri, ila kulikuwa na shimo. Sheria ilianzisha kamati bila kuipa pesa. Ni kama mkutano wa ukoo uamue wewe ndio utashughulikia arusi halafu kila mtu aende nyumbani. 1990 ndio sheria nyingine ikaja ikasema pesa itoke wapi, na hapa ndio mimi husema Wamarekani walifikiria: itoke kwa wale wanaosafirisha hiyo mizigo. Kampuni ya kubeba kemikali hatari inajisajili na kulipa ada ya kila mwaka. Kwa miaka mingi imekuwa kama dola 275 kwa kampuni ndogo na dola 2,600 kwa kubwa, pamoja na gharama ya kushughulikia fomu. Hizo pesa zinawekwa pamoja ndio zinarudi mashinani kama ruzuku. Kwa hivyo sio kodi ya mwalimu wala ya mama mboga. Anayepitisha hatari kwa mlango wako ndiye anachangia wewe ujue cha kufanya siku ikimwagika.

Na ruzuku yenyewe ina kamba, yaani masharti. Anayepokea lazima achangie asilimia 20 ya gharama, lakini mchango sio lazima uwe pesa taslimu, saa za watu waliojitolea zinaweza kuhesabiwa, ukumbi unaweza kuhesabiwa. Ni kama harambee ambapo aliyeleta kuni na aliyeosha vyombo nao wanaandikwa kwa daftari. Halafu kwa kawaida unatumia kwanza ndio urudishiwe ukiwa na risiti. Ndio maana huwezi skia ati mtu amekimbia nayo kirahisi.

Haya, inanunua nini? Hapa ndio grupu ilipotea kabisa, kwa sababu kila mtu alikuwa anafikiria magari mekundu.

Hainunui magari. Hailipi waliounguliwa nyumba, haizimi moto wa leo. Inanunua vitu viwili ambavyo havipigwi picha vizuri, kupanga na kufundisha.

Kupanga sio kuandika kitabu cha kurasa 200 kikae kwa kabati ya ofisi. Kitu cha kwanza wanachofanya ni kuhesabu tu. Wanakaa kando ya barabara au reli wanaandika ni nini kinapita. Mimi nilijaribu Jumamosi moja hapa Salgaa, na kiti cha plastiki na daftari la mtoto, maanake nilikuwa nishasoma kuhusu ile mibao ya rangi ya chungwa nyuma ya lori. Ile namba ya tarakimu nne chini yake ni ya Umoja wa Mataifa, ni sawa dunia nzima. 1203 ni petroli. 1202 ni dizeli. 1223 ni mafuta ya taa. 1075 ni gesi ya kupikia. Sikumaliza masaa mawili, jua lilikuwa kali na taniboi mmoja wa lori alinishuku akaniuliza mimi ni wa KRA, wale wa ushuru, lakini nilikuwa nishajaza kurasa mbili na karibu zote ni 1203 na 1202, halafu katikati ikapita moja 1830. Nikaitafuta kwa simu. Asidi ya salfa. Miaka yote hiyo nimeuza kadi za simu pale na sijawahi jua asidi hupita mita tano kutoka kwa mgongo wangu.

Na haishangazi ipo mizigo mingi. Bomba la mafuta kutoka Mombasa linakuja hadi Nakuru, Eldoret na Kisumu, hapo malori yanapakia yanaenda Uganda, Rwanda, hadi Kongo. Sisi ndio mlango.

Ukishajua kinachopita, unapanga. Nani anapigiwa kwanza. Shule gani iko upande upepo unavuma. Barabara ya kuzungukia iko wapi kama hii kuu imefungwa. Hospitali ya karibu ina vitanda vingapi vya waliochomeka na zikijaa wanapelekwa wapi. Halafu mnaigiza, mnajifanya imetokea, ndio mjue kwamba ile namba ya simu iliyoandikwa ni ya mtu alistaafu.

Kufundisha nako kuko kwa ngazi, na ngazi ndio kitu watu hawaelewi. Fikiria nyoka ameingia jikoni. Mtoto wa miaka saba kazi yake ni kutambua kwamba ile sio kamba, kutoka, na kupiga kelele. Akifanya hayo matatu amefaulu mtihani wote wake. Mtu mzima anayejua kidogo anafunga mlango, anaziba chini na gunia, anazuia watu, lakini hamshiki. Wa tatu ni yule mtaalamu mwenye fimbo yake ya uma ndio anaingia kumtoa. Kwa kemikali ni hivyohivyo, kuna ngazi ya kutambua, kuna ya kuzuia kwa mbali isienee, na kuna ya kuziba pale panapovuja ukiwa na mavazi ya kazi. Huhitaji kila mtu awe wa tatu. Unahitaji watu wengi sana wa ngazi ya kwanza, na hiyo ngazi ya kwanza sio ghali.

Kuna hata kitabu, kinatolewa na Marekani, Kanada na Mexico pamoja kila miaka minne, cha juzi ni cha 2024, kiko bure kwa intaneti na kama programu ya simu. Unatafuta ile namba ya tarakimu nne kinakwambia cha kufanya dakika za kwanza. Ukiweka 1203 kinakupeleka kwa ukurasa unaosema mafuta yakimwagika tenga angalau mita 50 kila upande, na kama lori lenyewe linawaka, mita 800. Mita 800! Pima kwa kichwa chako kutoka pale lori hupinduka hadi pale watu husimama.

Hapo nataka kukaa kidogo.

Tarehe 31 Januari 2009, Sachangwan, hapo tu juu yetu ukielekea Molo, lori la petroli lilipinduka, watu wakaja na mitungi, likashika moto. Zaidi ya watu 100 walikufa. Septemba 12, 2011 ikawa Sinai, Nairobi, safari hiyo ni bomba, tena watu kama 100. Desemba 2016 ikawa Karai, Naivasha, lori lenye shehena ya kuwaka likagonga magari mengine usiku na watu takribani 40 wakafa, na hao hawakuwa wamechota kitu, walikuwa wasafiri. Julai 2021 ikawa Malanga, Siaya, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, wasiopungua 13, tena wakichota usiku.

Kila mara tunasema kitu kimoja, ati ni tamaa, ati ni ujinga wa wananchi. Mimi nimechoka na hilo neno. Umaskini upo, sikatai, jerikeni ya petroli ni pesa ya wiki. Lakini hebu uliza watu kumi pale stendi kama wanajua kwamba mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Kwamba haupandi juu kama moshi, unashuka, unatambaa kwa mtaro kama maji, unaenda kutafuta jiko la mama wa mahindi au ekzosi ya bodaboda iliyo mbali na lori lenyewe. Kwamba petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwa baridi ya nyuzi 40 chini ya sufuri, sasa baridi ya Molo itasaidia nini. Mtu anadhani hatari ni yule mjinga mwenye sigara, na kama hakuna mwenye sigara basi ni salama. Hakuna mtu alimfundisha. Na tukisema ni ujinga, basi ujinga una dawa na hiyo dawa ina bei, na hiyo bei ndio hii ruzuku tunaiongelea.

Wa bodaboda hasa. Hao ndio hufika kwanza, kabla ya polisi, kabla ya zimamoto, kila ajali. Ukipanga mpango wa dharura wa Rongai au wa Gem na hukuita mwenyekiti wa bodaboda umepanga mpango wa karatasi.

Turudi kwetu sasa, pesa. Kwa sababu swali la grupu lilikuwa la maana hata kama jibu lilikuwa la uongo. Hapa Kenya nani analipia haya mambo?

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imesema zimamoto na usimamizi wa majanga ni kazi ya kaunti pia. Lakini angalia barabara kuu yenyewe, hiyo ni ya serikali kuu. Leseni za wabeba mafuta na madereva wao ni EPRA, mamlaka ya nishati, serikali kuu. Mazingira yakichafuka ni NEMA. Usalama kazini ni idara nyingine ya Nairobi. Kwa hivyo lori ni la kitaifa, mafuta ni ya kitaifa, barabara ni ya kitaifa, likipinduka tu, moto ni wa kaunti. Sisemi ni vibaya, ugatuzi mimi naupenda, lakini mtu ajue vile mzigo umekaa.

Na kaunti ina mfuko wa dharura, hilo ni kweli, wale wa "pesa imeliwa" walikuwa wanaongea juu ya huu bila kujua. Uko kwa sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012. Lakini una masharti mawili watu hawajasoma. La kwanza, kwa mwaka mmoja kaunti haiwezi kutoa kwa huo mfuko zaidi ya asilimia 2 ya mapato yake ya mwaka uliotangulia. La pili, na hili ndio limenifungua macho, pesa inatoka kwa jambo la haraka ambalo halikutarajiwa. Soma tena. Halikutarajiwa.

Sasa niambie, lori la mafuta kupinduka kati ya Salgaa na Sachangwan ni kitu hakitarajiwi? Kila mtu hapa anakitarajia. Sisi hulala tukikitarajia. Ndio maana huo mfuko unaweza kununua mablanketi na kulipa mazishi, lakini ukienda kuuomba ulipie semina ya siku mbili ya watu wa bodaboda afisa wa fedha atakwambia hiyo sio dharura, hiyo ni mipango, peleka kwa bajeti ya kawaida. Na sheria iko upande wake. Kwa hivyo hata kaunti yenye watu safi kabisa wasiokula shilingi, huo mfuko hauwezi kukutayarisha, umetengenezwa kuja baada.

Hii ndio tofauti kubwa na lile tangazo la Marekani, na ndio maana nimesema tusilitupe. La kwao ni pesa ya kabla. Yetu inayojulikana na watu ni pesa ya baada.

Pesa ya kabla kwetu inaweza kutoka wapi basi? Kuna bajeti ya kawaida ya kaunti, idara inayoshika zimamoto. Kuna ruzuku zenye masharti, ambazo Katiba inaziruhusu juu ya ule mgao wa kawaida wa kaunti, na tushaona zikifanya kazi kwa mambo mengine: kwa mambo ya tabianchi kuna mpango unaoitwa FLLoCA, ambapo kaunti ilibidi itenge angalau asilimia 1.5 ya bajeti yake ya maendeleo ndio ifungue mlango wa pesa za wafadhili, na kamati za wadi zikaundwa zikasema wenyewe shida zao. Muundo ni uleule wa kamba na daftari la kuni. Kwa hivyo mtu asiniambie haiwezekani Kenya, tayari tunaifanya kwa ukame na mafuriko. Na upande wa viwanda, kuna kanuni za 2007 za kupunguza hatari ya moto zinazomtaka mwenye eneo la kazi awe na kikosi chake cha kuzima moto na afanye zoezi angalau mara moja kila miezi 12. Uliza kwenu kazini mara ya mwisho mlitoka nje kwa king'ora ilikuwa lini. Sisi pale nilipokuwa nafanya zamani (siitaji pia) tulitia sahihi fomu ya zoezi tukiwa tunakunywa chai, king'ora hakikulia na sina uhakika kilikuwepo.

Na hapo ndio nakubaliana na wale wa grupu kwa jambo moja, ati "mafunzo" ni posho na hoteli ya Naivasha. Imetokea, tumeiona. Mtu anaenda semina ya siku tatu, anarudi na begi yenye nembo, hajui mita 50. Lakini dawa yake sio kukataa mafunzo, ni kubadilisha yanafanyiwa wapi na nani anakaa kwa kiti. Ngazi ya kwanza inafundishwa chini ya mti pale stendi, asubuhi moja, na bango moja la zile namba nne kubwa. Halafu mwezi ujao mtu anapita anauliza, 1075 ni nini? Wakijibu pesa imefanya kazi. Huo ndio ukaguzi, hauhitaji PowerPoint.

Kuna jambo moja jingine lililosemwa kwa grupu na sitaki lipite, ati tungekuwa na gari moja zaidi la zimamoto Sachangwan isingetokea. Nataka magari zaidi kama mtu mwingine yeyote. Lakini gari la maji peke yake kwa moto wa petroli linaweza hata kuongeza shida, petroli ni nyepesi kuliko maji, inaelea juu yake, inasafiri nayo ikiwaka. Inatakiwa povu maalum, na inatakiwa mtu anayejua kwamba inatakiwa povu. Kuna vitu vingine maji huvichokoza kabisa, si nimekwambia ya kabaidi. Fundi wangu wa welding jirani alisoma hii nikiwa naandika akaenda kimyakimya kuhamisha debe lake kutoka chini ya mfereji. Alikuwa ameliweka hapo miaka minne.

Kwa wanaouliza "sasa tufanye nini", kalenda ya kaunti iko hivi: mpango wa maendeleo wa mwaka unafikishwa kwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, ule waraka wa sera ya fedha kufikia mwisho wa Februari, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, mwaka wa pesa unaanza 1 Julai. Watu wengi hujitokeza Aprili na Mei kupiga kelele, na wakati huo kelele inaweza kupunguza laini moja ya bajeti iongeze nyingine kidogo, lakini kitu kipya kabisa kama hiki kinataka kuingia mapema, kwa ule mpango wa Septemba. Usikisubiri kwa mkutano wa bajeti ukiwa na hasira, ushachelewa. Na ukikiandika usiandike "hazmat", hakuna atakayeelewa, andika kitu kinachohesabika: kuhesabu malori wiki moja, bango stendi nne, mafunzo ya asubuhi moja kwa wa bodaboda na walimu, zoezi moja kwa mwaka pamoja na hospitali. Uone kama kuna mtu atasema ni ghali. Na nambari ya kupiga siku ikitokea mnaijua, 999 au 112, ukipiga soma ile namba ya tarakimu nne iliyo nyuma ya lori, usiseme tu "lori imeanguka".

Sisi wa Salgaa tuliandika yetu, ukurasa mmoja, sahihi za watu wa stendi, mama chai akiwa wa kwanza. Niliipeleka kwa ofisi ya wadi Jumatatu. Msichana wa pale mapokezi aliisoma yote, jambo ambalo sikulitarajia, akapiga muhuri kwa nakala yangu, halafu akaniuliza, "Lakini boss, hii 1203 ni nambari ya gari ama?"